Maswali Yenu: Kigoma mpaka Guangzhou ni masaa 12 au siku mbili?

Mwezi huu maswali mengi yaliyoingia ni ya ndege, na mengi yametoka Kigoma na Tabora. Sishangai, mtu wa Dar eapoti kwake ni nauli ya daladala tu, sisi wa huku kila safari ya nje inaanza na safari nyingine ya ndani ambayo nayo ni ndefu. Yaliyouliza kitu kimoja nimeyaunganisha. Umbali ninaoutaja humu ni wa angani, eapoti mpaka eapoti, na ni wa makadirio, usiuchukue kama kilomita za barabara.

SWALI: Dada habari za kazi. Mi nauza vitenge na viatu hapa Mwanga, miaka yote naagiza mzigo kwa watu, sasa nataka niende Guangzhou mwenyewe nikaone kwa macho. Nimeingia kwenye mtandao mmoja unaopima umbali wa eapoti, nikaandika Kigoma na Guangzhou, ikaniletea kilomita 9,577 na muda wa masaa 11 na dakika 46. Nikafurahi, nikasema kumbe ni kulala na kuamka tu. Nimeenda kwa wakala wa tiketi ananiambia nijiandae na siku mbili. Nani ananidanganya hapa? (Muuza vitenge, Mwanga, Kigoma)

JIBU: Hakuna anayekudanganya dada yangu, ila wanajibu maswali mawili tofauti na we unadhani ni moja.

Ile mitandao inafanya hesabu rahisi sana. Inachukua sehemu eapoti ya Kigoma ilipo kwenye ramani ya dunia, inachukua na ya Guangzhou, inapiga mstari mfupi kuliko yote unaowezekana juu ya mgongo wa dunia, inapata zile kilomita 9,577. Alafu inachukua mwendo mmoja wa kawaida wa ndege kubwa, mara nyingi kilomita kama 850 kwa saa, inagawa, inaongeza nusu saa ya kupaa na kutua, basi imemaliza. Chukua kalkuleta ya simu ujaribu mwenyewe, 9,577 gawa kwa 850 utapata 11 na kitu, ongeza nusu saa na umefika kwenye jibu lao. Haijauliza kama kuna ndege inayoruka hiyo njia, haijui kwamba Kigoma ndege kubwa ya China haitui, haijui foleni, haijui uhamiaji. Ni kipimo cha umbali kilichovalishwa nguo ya muda.

Sasa safari yako ya kweli. Kwanza Kigoma mpaka Dar, kilomita kama 1,080. Huku mara nyingi inakuja ndege ya pangaboi, Dash 8 Q400, ambayo mwendo wake wa juu ni kama kilomita 667 kwa saa, ukiweka na kupaa na kushuka unapata masaa mawili hivi. Alafu Dar mpaka Guangzhou, kilomita kama 8,700. Air Tanzania wanaruka moja kwa moja kwa Dreamliner, ile Boeing 787 inayokwenda kama kilomita 900 kwa saa, kwahiyo ni masaa kumi na nusu mpaka kumi na moja. Jumlisha vipande viwili, 1,080 na 8,700, unapata 9,780 na kidogo. Umeona? Kupitia Dar kumekuongezea kilomita kama 200 tu juu ya ule mstari wa mtandao, robo saa ya angani basi. Watu wengi wa Kigoma wanaamini kwenda Dar kwanza ni kurudi nyuma, lakini China iko mashariki na Dar iko mashariki, unakuwa uko njiani kabisa.

Kinachokula siku zako kiko chini, hakiko angani. Dreamliner ya Guangzhou siyo ya kila siku, na ya Kigoma nayo ina siku zake na saa zake, sasa hizo ratiba mbili zikikataa kukutana ndo unalala Dar. Ukiamua kupita Dubai au Addis Ababa, njia zote mbili zinakuja karibu sawa, kama kilomita 10,880 ukianzia Kigoma, yaani kilomita 1,100 zaidi ya kupita Dar moja kwa moja, saa moja na robo ya kuruka. Hiyo saa na robo siyo tatizo, tatizo ni zile saa nne, sita, au kumi na mbili za kukaa kwenye kiti cha eapoti unasubiri konekisheni. Kwahiyo ukilinganisha tiketi usiangalie muda wa kuruka, angalia muda wote kutoka unapofunga mlango wa nyumba mpaka unapopewa ufunguo wa chumba kule. Kwa hesabu yangu: kuwahi eapoti Kigoma masaa mawili, kuruka masaa mawili, kulala Dar, kuwahi masaa matatu kesho yake, kuruka kumi na nusu, kupanga foleni ya uhamiaji na kusubiri begi, hapo wakala wako yuko sahihi.

Na kuna jambo la saa litakuchanganya kama hujaambiwa. Guangzhou wako mbele yetu masaa matano. Tuseme unaondoka Dar saa tano asubuhi, umeruka masaa kumi na nusu, kwa saa ya nyumbani ni saa tatu na nusu usiku, lakini kule ukishuka ni saa nane na nusu usiku na tarehe imeshabadilika. Kwenye tiketi utaona kama umesafiri masaa kumi na tano na nusu. Kurudi ni kinyume chake, unatoka kule asubuhi unafika Dar mchana, mtu anasema ndege ya kurudi inawahi kweli! Haiwahi, ni saa tu zinarudishwa. Tiketi siku zote inaandika saa ya mji husika, ya kuondoka ni saa ya huku, ya kufika ni saa ya kule, ukitaka muda halisi wa kukaa kwenye kiti toa kwanza ile tofauti.

La mwisho na hili ndo ninaloomba ulishike kuliko yote. Usikate tiketi mbili mbali mbali, moja ya Kigoma Dar na nyingine ya Dar China za siku hiyo hiyo, eti kwa sababu umepata bei nzuri. Zikiwa tiketi moja, ndege ya Kigoma ikichelewa wenye ndege wanawajibika kukutafutia nyingine. Zikiwa mbili, yule wa pili hakujui, kwake we ni abiria ambaye hakutokea, na hela ya tiketi ya China siyo ya kuchezea. Alafu begi unalichukua mwenyewe Dar na kuchekini upya, kwenye mbio zote hizo. Kama lazima ziwe mbili basi toka Kigoma siku moja kabla, na wakati wa masika hata siku mbili, gesti ya Dar ni rahisi kuliko tiketi mpya. Ukienda Aprili au Oktoba ndo msimu wa yale maonyesho makubwa ya biashara ya Guangzhou, hoteli zinajaa na bei zinapanda, kata mapema.

SWALI: Mwangaluka dada! Mi ni mwanafunzi hapa Tabora, naishi Cheyo. Kuna ubishi darasani. Ndege ya Kigoma kwenda Dar ikipita kwanza Tabora kuchukua abiria, inazunguka sana? Mwenzangu anasema inaongeza kilomita mia tatu na mafuta mengi. (Mbishi wa Cheyo)

JIBU: Mwangaluka mdogo wangu, mwambie mwenzako alete ramani na rula.

Kigoma mpaka Tabora ni kama kilomita 351. Tabora mpaka Dar kama 732. Jumla 1,083. Kigoma Dar moja kwa moja ni 1,077. Kwahiyo kupita kwenu kunaongeza kilomita sita hivi, Tabora imekaa karibu kabisa juu ya mstari. Hebu linganisha na ndege ikipita Mwanza, hapo Kigoma Mwanza ni kama 450 na Mwanza Dar kama 850, unafika 1,300, huko ndo kuzunguka, na labda mwenzako alikuwa anafikiria hiyo.

Lakini ubishi wenu usiishie kwenye kilomita maana muda ni kitu kingine. Kilomita sita ni nusu dakika. Kutua Tabora ni kushusha mwendo, kushuka taratibu, kuzunguka uwanjani, kufungua milango, watu wa Tabora washuke na wengine wapande na mabegi yao ya asali, milango ifungwe, ndege ipae tena na kuanza kupanda upya mpaka juu, na kupanda ndo kunakokula mafuta zaidi. Pangaboi iliyokuwa inakwenda masaa mawili inafika masaa mawili na dakika arobaini na tano, pengine matatu. Kwahiyo we umeshinda kwenye umbali na yeye kwenye mafuta kuna chembe ya ukweli, ila sababu aliyotoa siyo.

Na hii ya Tabora kuwa kwenye mstari haikuanza na ndege, mi huwa inanifurahisha sana. Misafara ya zamani kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilikuwa inapita hapo hapo. Burton na Speke waliondoka pwani Juni 1857, wakafika Tabora, wakati huo wakiiita Kaze, mwezi Novemba, na Ujiji wakaingia Februari 1858. Reli ya kati ikaja kufuata nyayo zile zile, ikaanza kujengwa Dar mwaka 1905, ikafika Tabora 1912 na Kigoma 1914, urefu wake kama kilomita 1,250. Umeona hata reli yenye kona zake zote inaizidi njia ya ndege kwa kilomita 170 hivi tu. Waliotembea kwa miguu na waliopima reli na rubani wa leo wote wamekubaliana njia ya mkato ya kwenda ziwani inapita Unyamwezi.

SWALI: Kwenye mtandao wa umbali kuna sehemu imeandikwa Kigoma Dar 581 afu herufi nm. Mbona ndogo hivyo?

JIBU: Hizo ni maili za baharini, ndo kipimo cha marubani na manahodha. Moja ni kilomita 1.852. Zidisha utapata karibu zile zile 1,077.

SWALI: Mwanangu, shikamoo kama umenizidi. Kijana wangu amepata chuo Uturuki, tunamshukuru Mungu sana. Ametumiwa tiketi kwenye simu, nimeisoma mimi na baba yake na mjomba wake na kila mtu anasema lake. Imeandikwa Dar Istanbul, tarehe 9, saa 00:45. Baba yake anasema ni saa sita na dakika arobaini na tano mchana wa tarehe 9. Mjomba anasema ni usiku wa tarehe 9 kuamkia 10. Tiketi ya Kigoma Dar hatujakata bado tunasubiri tuelewane. Naomba utusaidie. (Mama wa Gungu)

JIBU: Marahaba hapana, shikamoo iwe kwako mama yangu, na hongera sana kwa kijana. Nimelitoa swali lako mbele ya mengine yaliyotangulia kwa sababu ndege zinaachwa kwa kosa hili hili, na anayeachwa siyo mjinga, ni kwamba tiketi inahesabu siku kwa namna moja na sisi tunahesabu kwa namna nyingine.

Jibu fupi: kijana anatakiwa awe eapoti ya Dar tarehe 8 jioni, saa tatu na nusu usiku awe ameshasimama kwenye foleni. Ndege inaondoka usiku huo huo, saa sita na dakika arobaini na tano, usiku wa tarehe 8 kuamkia tarehe 9. Akienda usiku wa tarehe 9 kama mjomba anavosema, atakuta ndege imeondoka tangu jana yake.

Sasa jibu refu ili siku nyingine msihangaike. Tiketi inatumia saa za kuanzia 00:00 mpaka 23:59, na siku yake inaanza katikati ya usiku, siyo alfajiri wala magharibi. Ikigonga saa sita usiku tu, kwao tarehe imebadilika. Kwetu huku mtu akisema "tarehe 9 usiku" anamaanisha usiku baada ya mchana wa tarehe 9, na hapo ndo mjomba alipopotelea. Kwahiyo ukiona kwenye tiketi saa inaanza na 00, 01, 02, 03 mpaka 04, jiambie moja kwa moja kwamba safari ni ya usiku wa tarehe iliyotangulia. Chukua kalamu, andika pembeni ya tiketi kwa mkono: "usiku wa tarehe 8 kuamkia 9". Ukisoma hivo hata bibi kijijini ataelewa.

Kubadili saa za tiketi kuwa saa zetu ni kutoa sita. 08:00 ni saa mbili asubuhi. 13:30 ni saa saba na nusu mchana. Ikifika 19:00 ukitoa sita unapata 13, basi toa na 12 tena, inakuwa saa moja jioni. Na zile zinazoanza na 00 mpaka 05 unaongeza sita badala ya kutoa, 00:45 ni saa sita na dakika arobaini na tano usiku, 02:30 ni saa nane na nusu usiku, na siyo saa mbili na nusu asubuhi hata kama namba 2 inakuita! Baba yake alipata dakika sawa sawa kabisa ila akasahau kuwa mchana ungeandikwa 12:45.

Kutoka hapo sasa mpange ya Kigoma. Ndege ya tarehe 8 ya Kigoma hata ikiondoka asubuhi mi singekushauri, mama. Kijana anaenda mara ya kwanza, ana begi la miaka minne, na ndege ya huku ikighairishwa kwa mvua au kwa ubovu ya kesho yake haimsaidii tena. Mkatieni ya tarehe 7, alale kwa ndugu Dar, apumzike, ahakikishe karatasi zake, pasipoti, viza, barua ya chuo, viwe kwenye begi la mkononi visiwe kwenye lile la kupakia chini.

Dar mpaka Istanbul ni kama kilomita 5,460, masaa saba na kitu. Na hili litakufurahisha, Uturuki na sisi saa ni moja, wao tangu 2016 hawabadilishi tena saa zao kwa msimu, wamebaki masaa matatu mbele ya saa ya dunia kama sisi. Kwahiyo akifika asubuhi akikupigia simu saa mbili ya kule ni saa mbili ya Gungu, na kila siku ukitaka kumpigia huna haja ya kuuliza kule ni saa ngapi.

SWALI: Naomba kuuliza kitu kinachonisumbua tangu sekondari. Dunia inazunguka, si ndiyo? Sasa helikopta ikipaa hapa Ujiji ikasimama tu juu bila kwenda popote, dunia izunguke chini yake, baada ya muda si itajikuta iko juu ya Kongo au Brazil? Kwanini ndege zinachoma mafuta bure? Na swali la pili, kwanini flaiti ya kwenda na ya kurudi zinatofautiana muda wakati umbali ni ule ule? (Mwanafizikia wa Ujiji)

JIBU: Maswali yako mawili ni ndugu wa baba mmoja.

Ujiji inazunguka kwenda mashariki kwa mwendo wa kilomita karibu 1,665 kwa saa, wewe na nyumba yako na ziwa lote. Na hewa yote iliyo juu yako inazunguka pamoja na dunia. Ukiwa ndani ya basi la Kasulu liko mwendo mkali, ukarusha chungwa juu, linakurudia mkononi, haliendi kumpiga aliyekaa siti ya nyuma, kwa sababu nalo tayari lilikuwa na mwendo wa basi. Helikopta ilikuwa na mwendo wa Ujiji kabla haijapaa, na ikipaa imo ndani ya hewa yenye mwendo huo huo. Itakaa juu ya mwembe ule ule mpaka mafuta yaishe. Na ingekuwa kama unavosema, basi kila tawi la mti lingepigwa na upepo wa kilomita 1,665 kwa saa, hapo Ujiji lisingebaki bati.

Ila hewa haizunguki sawa sawa kila mahali, na hapa ndo jibu la pili linapoanzia. Huku kwetu karibu na ikweta jua linachoma sana, kule kwenye ncha za dunia ni baridi, joto linataka kwenda kule na dunia inazunguka, matokeo yake kwenye kimo cha kilomita 9 mpaka 12 kunakuwa na mito ya upepo inayokimbia kutoka magharibi kwenda mashariki, wakati mwingine hasa majira ya baridi ya kaskazini inapita kilomita 300 kwa saa. Hicho kimo ndo kimo cha ndege kubwa. Ukienda nayo inakusukuma, ukija kinyume inakurudisha.

London na New York ni kilomita kama 5,550. Kutoka London kwenda New York watu wanapanga masaa kama nane, kurudi saba au pungufu. Februari 2020 kulikuwa na dhoruba kali juu ya Atlantiki, Boeing 747 ya British Airways ikatoka New York ikafika London kwa masaa 4 na dakika 56. Ukipima kwa ardhi ilifika mwendo wa kilomita zaidi ya 1,300 kwa saa, na haikuvunja mwendo wa sauti kwa sababu ndani ya ule upepo yenyewe ilikuwa inakwenda mwendo wake wa kila siku.

Kigoma Dar hutaliona hilo sana. Mito hii ya upepo iko mbali na ikweta, na pangaboi haipandi juu hivo. Ukiona ya kwenda ni ndefu kuliko ya kurudi kwenye ratiba ya huku, angalia kwanza kama mojawapo inapita Tabora.

SWALI: Niliangalia video ya jamaa anatoka Dubai kwenda Los Angeles, kwenye skrini ya mbele ya kiti ndege inapanda juu mpaka karibu na ncha ya kaskazini ndo inashuka Marekani. Mbona wasinyooshe tu? (Wa Isevya, Tabora)

JIBU: Wamenyoosha, ni ramani iliyopinda. Dunia ni mviringo na ramani ya ukutani ni karatasi iliyolazwa, kwenye kulaza nchi za kaskazini zikavutwa zikawa kubwa kuliko zilivyo. Chukua mpira wa miguu, weka alama ya Dubai na alama ya Los Angeles, vuta uzi kati yake mpaka ukaze, uone wenyewe unavokimbilia juu.

Kwa namba, njia ya juu ni kama kilomita 13,400. Ukichora mstari ulionyooka kwenye ramani ya ukutani ukaufuata, unakwenda karibu kilomita 16,800. Hapo umeokoa masaa kama manne na mafuta yake. Safari zetu za karibu na ikweta kama Kigoma Dar huo mkunjo hauonekani kabisa, ndo maana mtu wa huku akiuona kwa mara ya kwanza anahisi rubani amepotea.

SWALI: Sehemu ya mbali kuliko zote kutoka Kigoma ni ipi, na kuna ndege ya kufika?

JIBU: Ni katikati ya bahari ya Pasifiki, kusini ya visiwa vya Hawaii, upande wa mashariki wa kisiwa cha Kiritimati cha nchi ya Kiribati. Kama kilomita 20,000, na huwezi kwenda mbali zaidi ya hapo maana ukipita unaanza kurudi nyumbani kwa upande mwingine. Ni maji matupu. Ndege ya abiria inayoruka mbali kuliko zote bila kutua ni ya Singapore kwenda New York, kilomita kama 15,350, zaidi ya masaa 18 kwenye kiti.

SWALI: Mi nafanya biashara Bujumbura, huwa naenda kwa gari au boti. Kule saa wako nyuma saa moja na ni karibu tu hapo. Kwanini? Na je nikienda kwa ndege ndogo ya kukodi nitafika kabla sijaondoka? (Mzee wa Kibirizi)

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Ndiyo, kwa saa ya ukutani utafika kabla hujaondoka. Eapoti ya Kigoma na ya Bujumbura zimeachana kilomita kama 180, ndege ndogo ni dakika arobaini hivi. Ukiondoka saa nne asubuhi ya Kigoma, unatua saa tatu na dakika arobaini ya Bujumbura.

Sababu ni kwamba dunia inazunguka nyuzi 15 kila saa, kwahiyo kila nyuzi 15 za ramani zinastahili saa moja. Kigoma iko kwenye nyuzi kama 29.7 mashariki, na mstari wa katikati wa saa za Bujumbura ni nyuzi 30. Kwa jua, Kigoma ni saa za Bujumbura na Kalemie kabisa kabisa! Ila nchi yetu imechagua saa moja kwa wote, na saa hiyo mstari wake ni nyuzi 45, ambao hata Dar haijaufikia, uko baharini huko. Ndo maana Kigoma jua la utosini ni saa saba mchana, na asubuhi saa kumi na mbili na nusu watoto wanaenda shule bado giza giza.

Kati ya Dar na Kigoma kuna nyuzi tisa na nusu, hizo ni dakika kama 38 za jua. Wazee wa Ujiji wanalijua hili kuliko vitabu, mwezi wa Ramadhani adhana ya magharibi ikisikika kwenye redio ya Dar hakuna anayenyanyua kikombe cha uji, wanatazama jua bado liko juu ya milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa, wanasubiri lao. Na ukiwa ndani ya ndege ya jioni kutoka Dar, kaa dirisha la upande wa kulia au kushoto vyovyote, utaona machweo yanachukua muda mrefu kuliko ulivyozoea, kwa sababu unalifukuza jua upande linakokwenda.

Kwa biashara yako, mzee, unapopangiana na mtu wa upande ule iwe ndege, boti au mzigo kupokelewa mpakani, mtajiane na saa ya wapi, "saa tatu ya Kigoma" au "saa tatu ya Buja". Simu nayo ukikaribia mpaka inaweza kushika mnara wa upande wa pili ikabadili saa yenyewe bila kukuuliza, ingia kwenye mipangilio uzime ile saa ya kujibadilisha mpaka utakapovuka.